Siku Nilipomposa Babu kwa Niaba ya Moto

Babu alitoa tangazo lake Jumapili, tukiwa mezani kwetu Kagugu, Kigali, kiazi kikiwa bado mdomoni.

"Nikifa, mnichome," alisema, kisha akaomba chumvi.

Shangazi akampa chumvi. Mkono wake uliizoea kazi hiyo, ukaifanya kabla masikio hayajapata habari. Kisha akaweka kijiko chini taratibu.

"Baba, umesema nini?"

"Nimesema mnichome. Moto wa kutosha, mpaka niwe majivu. Halafu mnitie kwenye chungu chenye kifuniko, mnipeleke Ngara kwa mama yenu."

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiyeijua familia yetu anaweza kudhani Babu alikuwa amechoka na Ukristo. Hapana. Babu anaomba kabla ya kula, baada ya kula, na akiona chakula ni kidogo anaomba katikati. Jambo lake lilikuwa la upana. Familia yetu iliishi miaka mingi Ngara, Tanzania, enzi za ukimbizi, na Bibi alifia huko kabla hatujarudi. Alizikwa nyuma ya kanisa, kwenye makaburi madogo yaliyobanwa kati ya migomba ya jirani na jiko la kanisa. Babu alisimama mbele ya jeneza akamwahidi kwamba atakuja kulala ubavuni pake. Lakini hakuna aliyemwekea nafasi. Upande mmoja wa Bibi kuna ukuta wa jiko. Upande wa pili akaja kuzikwa mwalimu wa kwaya, mtu ambaye, kwa maoni ya Babu, alikuwa akiisifia sauti ya Bibi kuliko ilivyohitajika.

Kati ya Bibi na mwalimu wa kwaya kumebaki pengo. Babu alilipima kwa fimbo yake mara ya mwisho alipokwenda. Mbuzi mwembamba anapita. Jeneza haliingii. Kuvusha maiti mpakani Rusumo kunawezekana, karatasi zake zipo na watu wanafanya kila siku. Kilichokataa ni pengo.

"Chungu kinaingia," Babu alisema. "Nimefikiri sana."

Shangazi ni binti yake mkubwa, na ni shemasi. Kwa siri iliyojulikana na nyumba nzima, alikuwa ameshachagua marumaru za kahawia za kujengea kaburi la Babu hapa hapa Kigali, mahali anapoweza kufika kila Jumapili baada ya ibada, akakaa pembeni na mwavuli wake.

"Mkristo hachomwi," alisema. "Kinachochomwa ni takataka."

"Na mashahidi wa imani?"

"Walichomwa na watu wengine, Baba. Hawakuomba."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wote wawili walizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa wameketi bega kwa bega. Mwambie babu yako chai iko tayari. Mwambie shangazi yako majivu hayanywi chai, lakini mimi bado nakunywa. Nilikuwa kama simu, tena ile ya zamani ya kuzungushwa.

Shangazi akamleta mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti inayofika nyumba ya tatu. Alifungua Biblia, akasafisha koo, na Babu akainua fimbo.

"Mchungaji, ngoja. Katika nyumba hii jambo zito haliongelewi kwa kubishana kama sokoni. Binti akiombwa, si pande mbili hukaa? Kila upande na msemaji wake? Basi na mimi niombwe. Udongo uwe na watu wake, moto uwe na watu wake. Mimi nitakaa chumbani mpaka niitwe."

Mchungaji alicheka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akagundua anacheka peke yake. Kisha nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, maana kila mtu wa kanisa letu anajua kwamba mchungaji hana anachokipenda kama kuwa msemaji kwenye posa.

Huku kwetu posa tunaiita gusaba, na ni mashindano ya maneno. Familia mbili zinatazamana chini ya mahema. Msemaji wa wenyeji anakana kabisa kwamba ana binti. Anasema kaenda kisimani, anasema kaolewa jana. Msemaji wa wageni anabembeleza, anatania, anasifia mpaka mbwa wa nyumba hiyo, na mwisho anapewa. Wasemaji ni wanaume, wenye fimbo na vitambaa begani. Mimi ni msichana na shule yangu iliishia mapema, lakini ndoto yangu ni hiyo tu. Kazi yangu ni kushona kwenye duka dogo la Nyamirambo, na nikiwa kwenye cherehani naposa kila kitu: kitambaa, kifungo, zipu. Bosi wangu, mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulifika hapa na wafanyabiashara wa pwani, ameshazoea. Akinisikia naomba mkono wa gauni huwa ananiambia, "We binti, lichukue tu, limekubali, mwenyewe anakuja saa kumi."

Ikawa hivi: udongo ndio wenyeji, kwa sababu mtu ni wake tangu Adamu. Moto ndio wageni. Mchungaji angeusemea udongo. Wa kuusemea moto hakupatikana. Baba mdogo alikubali kukaa upande wa moto, ila kusema hapana, yeye ni mtumishi wa serikali na siku hizi video zinasambaa. Babu akaninyooshea fimbo.

"Mchumba wangu atasema." Ananiita mchumba tangu nikiwa mtoto. Mara hii niliogopa.

Jumamosi ilipofika, mwenye mahema alipamba kama alivyozoea: maua ya plastiki, vitambaa vya zambarau, na katikati viti viwili vya kifalme vya maharusi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Upande wa udongo walijaa wanawake wa kanisa waliovaa mishanana, yale mavazi yetu ya kufunga begani, wamependeza kweli kweli. Upande wa moto tulikuwa mimi, baba mdogo na safu za viti vitupu, kwa sababu hakuna Mkristo wa Kagugu aliyetaka kuonekana ameketi upande wa moto.

Ndipo bosi wangu akaingia kwa geti na watu wake wa Nyamirambo: mwenye bucha, mke wake, na madereva wa pikipiki waliovaa kofia nyeupe safi. Wakakaa kwetu wote.

"Mama," nilimnong'oneza, "kwani nyinyi mnakubali mambo ya kuchoma?"

"Astaghafirullah. Sisi mtu wetu tunamlaza kwa ubavu, sanda tu, kashimo kembamba, hata jua halijazama tumemaliza. Moto sitaki hata kuusikia." Akaweka mkoba mapajani. "Lakini babu yako ni mtu mzuri, na kiti kitupu ni aibu. Pilau iko?"

"Ipo."

Dereva mmoja akainama. "Sasa bibi harusi iko wapi?"

"Ni yule mzee aliye ndani."

"Na bwana harusi?"

"Moto."

Alifikiri, akaweka kofia yake vizuri, akauliza kama soda zingekuja kabla ya hotuba au baada.

Mchungaji alisimama na fimbo. Akatukaribisha, akatutazama safu nzima.

"Naona upande wa moto una kofia nyingi," alisema, na mishanana yote ikacheka.

"Moto una marafiki kila mahali, Mchungaji," nikajibu. "Hata hiyo pilau mnayotuandalia imeupitia."

Bosi wangu akapiga makofi. Na mimi hofu ikanitoka, ikaenda sijui wapi, haijarudi hadi leo.

"Mmekuja kutafuta nini?"

"Tumeona ua kwenye nyumba yenu." Hiyo ndiyo kauli niliyoifanyia mazoezi maisha yangu yote na ilitoka yenyewe. "Ua zuri, lenye haya, linalojua kupika." Watu wakaangua kicheko. "Ua lenye mvi," nikarekebisha.

"Ua hilo hatunalo. Na tungekuwa nalo, limeshachumbiwa. Mungu alimwambia Adamu atarudi mavumbini. Huo ni uchumba wa zamani sana, wageni wetu. Mmechelewa."

"Majivu nayo ni mavumbi, Mchungaji. Ni mavumbi yaliyotangulia kufika."

"Ibrahimu alinunua shamba zima azike. Hakununua kuni."

"Alinunua ili amzike mkewe, na yeye akaja kulazwa hapo hapo. Ndicho anachotaka huyu wetu."

"Yusufu," alisema mchungaji, sauti imepanda, "Yusufu aliapisha watu wachukue mifupa yake kutoka Misri. Mifupa, wageni wetu. Alijua mwili ni hekalu, alijua siku ya ufufuo ipo. Hakusema mnipeleke ndani ya chungu."

"Lakini alisema mnipeleke," nilijibu. "Alivuka mpaka akiwa kwenye sanduku ili alale karibu na wazee wake. Sisi tunaomba kitu kile kile, sanduku letu tu ni dogo."

Baba mdogo alinikanyaga mguu kwa furaha. Mchungaji akafuta jasho. Nilimwonea huruma, alikuwa ameivaa suti ya Krismasi. Akasema basi, kabla ya kuendelea, binti aletwe.

Mpiga muziki alikuwa ameambiwa "akiitwa, weka ule wimbo", na wimbo alioujua ni wa maharusi. Babu akatoka chumbani hatua kwa hatua, uso ameuinamisha kama inavyotakiwa, amevaa suti aliyovaa harusini kwa Shangazi. Nilikuwa nimeibana kwa nyuma na pini nyingi, kwa sababu ilimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Akaketi kwenye kiti cha kifalme. Cha pili kilibaki kitupu, na kila mtu alijitahidi asikitazame.

"Unawafahamu watu hawa?" mchungaji akamuuliza, kama anavyoulizwa binti.

"Nawafahamu," Babu alisema kwa sauti ndogo ya aibu, kisha akasahau kuigiza. "Yule wa bucha simfahamu vizuri."

Wakati huo Shangazi akainuka. Kwenye gusaba ndugu wa binti hawainuki hivyo, wanamwachia msemaji.

"Mnacheza," alisema. "Mimi nitasimama pale, baba yangu anawaka, halafu nirudi nyumbani nipike? Na nikimkumbuka nitakwenda wapi? Ngara? Kila Jumapili?"

Hakuna aliyecheka. Wimbo uliendelea peke yake mpaka mtu akauzima.

Mchungaji ana moyo laini, na ni huo uliomponza. "Dada yangu," alisema, "yapo mambo ya kupatana. Kama itakuwa hivyo, sisemi iwe, basi sehemu ibaki hapa Kigali, uwe na kaburi lako, na sehemu iende Ngara."

"Mnanigawa kama kuku?" Babu akauliza. "Parapanda ikilia niamke Ngara, mguu uko Kagugu?"

"Mzee, Mungu hashindwi kumkusanya mtu, awe sehemu mbili, awe sehemu mia."

Alipomaliza kusema akasimama hivyo hivyo, mdomo wazi kidogo. Hema zima lilikuwa limesikia.

"Basi, Mchungaji," nilisema polepole, "na kutoka kwenye majivu je?"

Hakunijibu kwa mchezo. Aliishusha fimbo. Katika nchi hii kila mmoja anajua watu ambao hawakupatikana, hawana kaburi wala marumaru, na mchungaji wetu ni mmoja wa wanaowatafuta ndugu zao mpaka leo. "Atawapata," alisema, si kwangu, si kwa yeyote. "Wote. Hilo sijawahi kulitilia shaka." Kisha akakaa chini, akaomba maji.

Nilikuwa nimeshinda, naamini. Mtu akishinda posa hupigiwa vigelegele. Mimi nilitamani tu kumshonea mchungaji shati.

Aliyetuokoa ni Shangazi mwenyewe. Alijifunga kitambaa chake upya begani na kusema kwa sauti ya shemasi, "Simtoi. Leo simtoi. Binti hapelekwi nyumba ambayo watu wake hawajaiona. Twende Ngara, nilione hilo pengo kwa macho yangu. Tukirudi ndipo tutajibu."

"Ni haki ya wenyeji," Babu alisema. "Sasa tule."

Tulikwenda kwa basi, Babu, Shangazi, mchungaji na mimi na tepu yangu ya kupimia, maana Babu alisema fimbo haiaminiwi na mashemasi. Mpakani Rusumo ofisa alimuuliza Babu dhumuni la safari. Babu akamjibu, "Kuona kiwanja." Akagongewa muhuri.

Kanisa la Ngara lilikuwa vile vile, na jiko lake lilikuwa linatoa moshi wa maharage. Mlinzi alitufungulia. Nilisafisha kaburi la Bibi kwa majani ya mgomba. Kaburi la mwalimu wa kwaya lilikuwa limejengewa vizuri, na juu yake kuna kinanda kidogo cha saruji.

"Unaona," Babu akamwambia Shangazi. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumapili ile bila kupitia kwangu. "Hapo pana nafasi ya jeneza?"

Shangazi alitazama. "Hapana."

"Hapo pana nafasi ya mtu?"

"Hapana, Baba."

"Ngoja nikuonyeshe, usije kusema nilikudanganya." Akanipa fimbo, akanipa kofia, akajishusha taratibu akalala kwa ubavu, uso kwa Bibi, mgongo kwa mwalimu wa kwaya. Alitaka tuone jinsi anavyokwama.

Hakukwama.

Alijisogeza mbele, akajisogeza nyuma. Nafasi ilibaki ya kuingiza kiganja. Jikoni maharage yalisikika yakichemka.

"Baba," Shangazi alisema, "umeingia."

"Siwezi kuingia. Nilipima."

"Ulipima lini?"

"Zamani kidogo."

"Baba, wakati huo ulikuwa na kitambi."

Babu alilala pale akilifikiria jambo hilo. Mchungaji akachuchumaa, akauliza kwa heshima, "Na jeneza, Mzee?"

"Baba yangu alizikwa na mkeka," sauti ikatoka chini. "Jeneza mimi nimeliona ukubwani."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, akasema hata Bwana mwenyewe alizungushiwa kitani tu, hakuna mahali palipoandikwa sanduku. Mimi nilikuwa namfikiria bosi wangu na mkoba wake mapajani. Kwa ubavu, sanda tu, kashimo kembamba. Upande wa moto ulikuwa umeleta jibu la udongo, nasi tukaulizana habari za pilau.

"Mzee, amka sasa," mlinzi alisema. "Watu wakipita wataniuliza."

"Subiri. Kuna ubaridi mzuri."

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa kaburi la mama yake, akavua viatu. Alikuwa analia na kucheka, sikujua kipi kilianza. "Marumaru zangu nitazileta huku," alisema. "Nitakuja mara moja moja. Nitakaa hapa."

"Zisifike kwa yule," Babu alisema, bila kugeuza kichwa.

Nilipima pengo lile kwa tepu, kwa uangalifu wa fundi, kisha nikafunga uzi mwekundu kwenye tepu mahali lilipoishia.

Nimeshasema kwenye posa nyingine tangu siku ile, na nyingine nimekwishaombwa. Mama mmoja alinipigia simu akaniuliza kama nafanya na vijana pia, au ni wazee tu. Bosi wangu anasimulia kwa kila mteja jinsi alivyokaa upande wa moto na hakuungua. Na Babu, kila nikirudi kutoka kazini, ananiita chumbani, anajilaza kitandani kwa ubavu, na mimi nampima kwa macho na kwa tepu yangu, kutoka mgongoni mpaka kifuani.

"Bado naingia?"

"Bado, Babu."

Shida ni kwamba tangu tulipotoka Ngara furaha imemrudishia hamu ya kula, na juzi uzi mwekundu ulikaribia sana. Jioni ile alisukuma sahani yake katikati ya meza, ikiwa na maharage nusu, akasema ameshiba.

Shangazi alimtazama, akatazama sahani. Akachukua upawa, akaongeza maharage, akaongeza kiazi, akairudisha mbele yake.

"Kula, Baba," alisema. "Ukinenepa, moto upo."